Kabla Hujakanyaga Tope: Yanayomgharimu Anayejifunza Kujenga kwa Udongo

Chukua chumba kidogo kabisa: mita 3 kwa 3 kwa nje, kuta zenye unene wa sentimita 40, kimo cha mita 2.2. Ukitoa mlango na kidirisha kimoja, kuta hizo zinameza karibu mita za ujazo 8.4, yaani takriban tani 14 za udongo ukiwa mkavu. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni zaidi ya ndoo 500 za kuchimba, kuchambua, kuloweka, kukanyaga na kubeba. Ili udongo wote huo ulainike na kushikana unahitaji maji yanayokaribia lita 3,000.

Anayeanza huhesabu udongo, maji huyasahau. Lakini maji ndiyo yanayopanga kazi nzima. Yanaingia kwa siku moja, yanatoka kwa wiki kadhaa, na yakipata njia ya kurudi, iwe kutoka juu au kutoka ardhini, ndiyo yanayobomoa. Makosa mengi ya wanaojifunza, ukiyafuatilia hadi chanzo chake, yanaishia hapo: maji yalizidi, hayakupewa muda wa kutoka, au yalifunguliwa mlango wa kurudi.

Tuanze na gharama, kwa kuwa ndizo zinazowakatisha watu njiani. Udongo ukiwa kiwanjani kwako hauununui, lakini nyumba si kuta peke yake. Mawe ya msingi, mbao za paa, bati au vigae, milango, madirisha, misumari na usafiri vinabaki kama vilivyo katika nyumba yoyote. Anayeingia kazini akiamini nyumba itakuwa ya bure husimamisha kuta nzuri, kisha akakwama kwenye paa, na ukuta wa udongo usio na paa ukisubiri pesa huku mvua ikikaribia ni hasara tupu. Ushauri wetu hapa hauna mjadala: usianze kufyatua tofali la kwanza kabla ya vifaa vya paa kuwa mkononi.

Gharama ya pili ni mwili. Tofali la sentimita 40 kwa 20 kwa 10 lina kilo 13 hadi 14 likikauka, na likiwa bichi linapita kilo 16. Kabla halijatulia ukutani litageuzwa, litasimamishwa, litapangwa, litabebwa, litainuliwa. Siku za kwanza ni furaha na vicheko. Baadaye mgongo unauma, viganja vinapasuka kwa sababu udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, unanyonya mafuta ya ngozi, na ukitazama kiwanja hakuna hata ukuta mmoja unaoonekana. Wakati huo ndipo kishawishi cha kulipua kazi kinapokuja, na udongo una kawaida mbaya ya kuficha kazi iliyolipuliwa hadi mvua za kwanza. Paka mikono mafuta kila jioni, badilishaneni kazi kila baada ya saa chache, na msiwe wachache mno. Watu watatu wanaweza kufanya zamu za kweli: mmoja tope, mmoja kalibu (fremu ya kufyatulia), mmoja kubeba na kugeuza. Mtu mmoja atachoka kabla hajajifunza.

Njia ipi ya kuanzia

Kuna njia nyingi. Kuna fito zilizosukwa na kukandikwa. Kuna tope zito lenye nyasi linalorundikwa ukutani moja kwa moja bila kalibu, kwa tabaka za hadi sentimita 60, kila tabaka likisubiriwa likauke. Kuna udongo wenye unyevu kidogo, karibu asilimia 10 tu, unaoshindiliwa ndani ya kalibu kubwa za mbao: unamwaga tabaka la sentimita 15, unalishindilia hadi lifikie kama 10. Kuna matofali yanayokandamizwa kwa mashine ya mkono ya aina ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950, ambayo kwa kawaida hutiwa saruji asilimia 5 hadi 8. Hayo ya saruji yana tabia iliyo kinyume cha mengine yote: wiki nzima ya kwanza lazima yatunzwe yakiwa na unyevu na kufunikwa, ndipo saruji ishike, na yasijengewe kabla ya siku 28.

Kwa anayeanza kabisa, anzia na tofali bichi la kukausha juani. Si kwa sababu ni bora kuliko mengine. Ni kwa sababu tofali hupoteza maji yake uwanjani, kabla ya kuingia ukutani. Likipasuka unapoteza kilo 14, na hata hizo unazirudisha shimoni zilowekwe upya. Ukuta wa kurundika ukipasuka au ukiinama umepoteza tabaka zima, na udongo wa kushindilia unataka kalibu imara ambazo zinaweza kugharimu kuliko ukuta wenyewe. Fito nazo zinaonekana rahisi, lakini zinahitaji ujuzi mwingine kabisa: kuchagua miti, kuibambua magome na kuikinga na mchwa.

Kuufahamu udongo

Ondoa kwanza udongo wa juu, sentimita 30 hadi 50 kwa kawaida, wenye weusi, mizizi na harufu ya majani yaliyooza. Mboji ikiingia kwenye tofali huendelea kuoza, huacha matundu na huwaita mchwa. Iweke kando kwa ajili ya bustani. Unachotaka kiko chini yake.

Shimo la kuchimbia lisiwe karibu na nyumba. Hili linarudiwa mno: watu huchimba hatua mbili kutoka ukutani ili kupunguza kubeba, kisha shimo linageuka bwawa linalolowesha msingi miaka yote. Lichimbe mbali, upande wa mteremko wa chini.

Udongo una vitu vinne: changarawe, mchanga, silti na mfinyanzi. Mchanga ndio mwili wa ukuta, mfinyanzi ndio gundi. Silti ndiyo inayodanganya. Chembe zake ni laini, ukizisugua kidoleni unadhani umepata mfinyanzi, lakini hazishikani. Ukuta wenye silti nyingi unasimama vizuri kiangazi chote, kisha unayeyuka mvua ya kwanza.

Namna ya kuitambua haihitaji maabara. Lowesha udongo, usugue viganjani, kisha unawe. Mchanga unakwaruza na kuondoka mara moja. Silti inaondoka kwa urahisi pia, kama unga. Mfinyanzi unateleza, unang'ang'ania mistari ya kiganja na hautoki mpaka usugue. Halafu tengeneza kibonge bapa chenye unyevu, kiweke kiganjani na upige mkono huo pembeni kwa mkono mwingine mara kadhaa. Maji yakipanda juu na uso kung'aa, kisha ukikibana mng'ao ukapotea, una silti nyingi. Mfinyanzi hauonyeshi badiliko la haraka namna hiyo.

Kipimo cha chupa kinajulikana na wengi, na wengi wanakiamini kupita kiasi. Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo iliyonyooka kwa udongo uliopondwa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache bila kuigusa. Mchanga unatulia ndani ya dakika moja au mbili, silti ndani ya saa moja au mbili, mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula. Kwa matofali unatafuta mfinyanzi wa asilimia 15 hadi 30 na mchanga mwingi katika kilichobaki. Ila kumbuka kwamba mfinyanzi uliolowa hufura, kwa hiyo tabaka lake huonekana nene kuliko kiasi chake halisi, na mpaka kati yake na silti ni mgumu kuuona. Chupa inakupa fununu, haikupi uwiano.

Kipimo tunachokiamini zaidi ni kile kinachofundishwa Peru, nchi ya matetemeko na ya matofali mabichi. Finyanga vidonge vitano au sita vya kipenyo cha sentimita 2, vikaushe kwa saa 24 au zaidi, kisha jaribu kuvivunja kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama hakuna hata kimoja kilichovunjika, mfinyanzi unatosha. Vikivunjika, tafuta udongo mwingine au uchanganye na wenye mfinyanzi zaidi. Ongeza na hiki: viringisha udongo mbichi uwe mkongojo wa unene wa sentimita 3, usukume taratibu utokeze nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ukipita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi. Katikati ya hapo unaweza kuendelea.

Jihadhari na udongo mweusi unaofanya nyufa pana ardhini kiangazi na kufura wakati wa mvua. Mfinyanzi wa aina hiyo hupungua sana ukikauka. Mchanga mwingi unaweza kuutuliza, lakini si kazi ya kumwanzishia mwanafunzi, na kuweka msingi juu yake ni suala la mhandisi.

Hatimaye, hakuna kipimo kinachoshinda tofali lenyewe. Fyatua matofali ya majaribio ya uwiano mbalimbali: udongo mtupu, udongo na mchanga 1 kwa 1, 2 kwa 1, 3 kwa 1, mawili au matatu ya kila aina, na uchore alama kwenye kila moja likiwa bado bichi. Mchanga uwe wa chembe kali zenye pembe. Wa ufukweni una chumvi, na chembe zake zimeviringika hivyo hazishikani. Yakikauka kabisa, liweke kila moja juu ya matofali mengine mawili, likishikwa kwenye ncha tu, na mtu mzima asimame katikati. Linalobeba bila kuvunjika, na lisilo na nyufa kubwa, ndilo uwiano wako. Hatua hii inakula karibu mwezi mzima, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haina kitu cha kuwaonyesha wageni.

Tope, kalibu, jua

Loweka udongo siku moja au mbili kabla ya kuukanyaga. Mabonge ya mfinyanzi hayafunguki kwa kukanyagwa tu, maji lazima yapate muda wa kupenya. Udongo uliolala unakanyagika kwa nusu ya nguvu. Kabla ya kuvua viatu, chambua: kokoto kubwa zaidi ya milimita 5 zitolewe, na vipande vya chupa, misumari na miiba vitafutwe kwa macho na kwa chekecheke. Mguu uliokatwa ndani ya tope si jeraha la kupuuza.

Nyasi kavu zikatwe vipande vya kama sentimita 10. Kazi yake kubwa ni kuzuia nyufa wakati wa kukauka: zinagawanya mvuto wa mfinyanzi unaopungua, ili pasitokee ufa mmoja mkubwa. Anza na ndoo moja ya nyasi zilizolegea kwa ndoo tatu za udongo, kisha acha matofali ya majaribio yakuelekeze. Nyasi zilizooza au zenye ukungu usizitumie.

Kosa la kila mwanafunzi ni maji mengi. Tope jepesi linakanyagika kirahisi, linajaa kalibu lenyewe, linapendeza. Lakini kila lita ya ziada huacha nafasi tupu ikitoka, na tofali hupungua na kupasuka kwa kiasi hichohicho. Tope sahihi linabaki na alama ya kidole bila alama hiyo kujifunga. Kalibu ni fremu isiyo na sakafu, iliyolowekwa maji na kunyunyiziwa mchanga ndani. Tupa donge kwa nguvu, moja kubwa badala ya vipande vingi, kwa kuwa vipande huacha viungo ndani ya tofali. Bana pembe kwa vidole, sawazisha juu kwa ubao, inua kalibu moja kwa moja juu. Tofali likitanuka chini baada ya kuinua, tope lina maji mengi. Likichanika pembeni au kunata, kalibu ni chafu au tope ni kavu mno. Osha kalibu kila tofali, hata kama unaona ni usumbufu.

Uwanja wa kukaushia uwe tambarare na umetandikwa mchanga. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tofali linapokauka linakuwa fupi, na linahitaji kuteleza juu ya kitu. Likinata kwenye ardhi yenye mikwaruzo, sehemu ya chini inashikwa huku ya juu ikivuta, na linakatika katikati. Watu hulaumu uwiano kumbe ni sakafu. Siku mbili au tatu za mwanzo lifunike kwa nyasi ili jua lisikaushe ngozi ya juu kabla ya ndani. Siku ya tatu au ya nne lisimamishe kwa ubavu. Baada ya wiki yapange kwa kuachanisha ili upepo upite, na uyafunike kwa juu tu, si pembeni. Yape jumla ya wiki nne. Kuhakikisha, vunja moja: ukiona kiini cheusi katikati, bado.

Chumba chetu cha mfano kinahitaji kama matofali 800 hadi 850 ya kipimo kile, na ongeza moja katika kila kumi kwa yatakayovunjika. Anayejifunza asipange zaidi ya 100 kwa siku kwa timu ndogo, tena udongo ukiwa umeshalowekwa. Hesabu kalenda kutoka mvua kurudi nyuma: paa liwe juu kabla ya mvua, kuta zichukue wiki mbili tatu kabla ya paa, matofali wiki nne kabla ya kuta, majaribio mwezi kabla ya hapo. Kama hesabu hiyo inakupeleka kwenye msimu wa mvua uliopo sasa, subiri msimu ujao. Au simamisha paa kwanza juu ya nguzo zake, ujenge chini yake. Penye mvua zisizotabirika, hii ya pili ndiyo ningeichagua bila kusita.

Msingi na ukuta

Matofali yakikauka, chimba msingi. Mtaro wa upana wa sentimita 60 kwa ukuta wa 40, ushuke hadi ardhi ngumu, usipungue kina cha sentimita 40. Kupata pembe mraba, pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili. Kamba ya kuunganisha ncha hizo lazima iwe mita 5. Kisha pima ulalo wa chumba, yaani kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, pande zote mbili: kwa mita 3 kwa 3, kila ulalo uwe mita 4.24. Dakika kumi hizi zinakuokoa na paa lililopinda.

Ukuta wa mawe au matofali ya kuchoma uinuke sentimita 30 hadi 50 juu ya ardhi kabla ya tofali bichi la kwanza, na juu yake tandika kizuizi cha unyevu. Nyumba ya udongo huanza kufa kwa chini. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, yakifika juu kidogo ya usawa wa ardhi yanakauka na kuacha chumvi, chumvi inapanuka na kumomonyoa uso, mwaka hadi mwaka, mpaka ukuta unabaki na kiuno chembamba. Mvua inayoruka kutoka ardhini inamalizia. Anayebana matumizi kwenye mawe ya msingi anabana mahali pabaya kuliko pote.

Udongo wa kuungia uwe uleule wa tofali na mchanga kidogo zaidi. Usitumie saruji. Viungo vya saruji ni vigumu kuliko tofali na havipumui pamoja nalo. Baada ya muda tofali linalika na kuacha viungo vimetokeza. Kupata kiasi cha mchanga, unganisha matofali mawili mawili kwa mchanganyiko tofauti, kuanzia udongo mtupu hadi udongo 1 kwa mchanga 3. Yatenganishe baada ya saa 48, utazame. Mchanganyiko wenye mchanga mdogo kuliko yote ambao haukufanya nyufa ndio wako.

Lowesha uso wa tofali kwa sekunde chache tu kabla ya kulilaza, la sivyo linanyonya maji ya udongo wa kuungia na kiungo kinabaki unga. Viungo viwe sentimita 1.5 hadi 2, vijazwe hadi ndani, vile vya wima pia. Wengi huacha vya wima vitupu kwa kuwa havionekani. Kila kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, ipishane na ya chini yake kwa nusu ya tofali ikiwezekana. Kwa siku usipande zaidi ya mita moja. Ukizidisha, uzito unakamua viungo vibichi na ukuta unavimba tumbo. Timazi (ya kupima wima) na pimamaji (ya kupima usawa) vitumike kila kozi. Ukuta ukiinama sentimita moja leo unasahihishika, ukiinama tatu unabomolewa. Kubomoa kunauma, lakini ukuta uliovunjwa unarudi shimoni kulowekwa, jambo ambalo zege haliwezi. Jioni funika vichwa vya kuta kwa turubai.

Udongo unabeba uzito vizuri na unashindwa kabisa ukivutwa. Kwa hiyo kimo cha ukuta kisizidi mara 8 ya unene wake. Urefu usio na nguzo ya kuegemea au ukuta wa kukatiza usizidi mara 10. Uwazi wa mlango au dirisha usipite mita 1.2, na nafasi zote zisizidi theluthi ya urefu wa ukuta huo. Linta, yaani boriti ya juu ya mlango au dirisha, iingie ukutani angalau sentimita 30 kila upande, na 40 ni bora. Weka vipande vya mbao ngumu ndani ya ukuta kwenye kingo za mlango wakati wa kujenga, maana fremu haipigiliwi kwenye udongo.

Juu kabisa, zungusha mkanda unaofunga kuta zote nne: mbao mbili ndefu sambamba zenye vipande vya kukatiza kila sentimita 60, zikiunganishwa imara pembeni. Bila mkanda huu kila ukuta unasimama peke yake, na tetemeko au hata msukumo wa paa unafungua pembe. Nyaya za kushika paa zifukiwe ukutani tangu mita moja chini ya mkanda, kwa sababu bati ni jepesi na upepo hulinyanyua pamoja na mbao zake. Mahali penye matetemeko makubwa haya hayatoshi. Tafuta mhandisi na kanuni za ujenzi za mahali hapo kabla ya kuchimba.

Upenu, yaani ukingo wa paa unaopita ukuta, utokeze angalau sentimita 60, na zaidi upande mvua inakotoka. Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 kwa usanifu wa Diébédo Francis Kéré, ni ya kutazamwa kwa ajili ya jambo hili hasa: bati limeinuliwa juu ya kuta na kutokezwa mbali, hivyo kuta zina kivuli na hazipigwi na mvua moja kwa moja.

Lipu na baada yake

Usipige lipu ukuta mbichi. Subiri ukauke na utulie chini ya uzito wa paa, wiki nne au zaidi. Hapa ndipo ushauri mbaya unapotolewa kwa wingi, kwamba upake saruji ili udongo ulindwe. Saruji haisogei kama udongo unavyosogea, inafanya nyufa nyembamba, maji yanaingia kwa ufa na hayatoki tena. Nje ukuta unaonekana mzima huku ndani umegeuka tope, kisha siku moja ganda linaanguka pamoja na sentimita kadhaa za ukuta.

Lipu ya udongo inaanza na majaribio kwenye ukuta wenyewe: viraka vya nusu mita, udongo 1 kwa mchanga 2, kwa 3, kwa 4, pamoja na nyasi zilizokatwa fupi. Kikauke, kisha kisugue na kukigonga. Kilichopasuka kinataka mchanga, kinachotoa vumbi kinataka mfinyanzi, kinachotoa sauti ya utupu hakikushika kwa kuwa ukuta haukukwaruzwa na kuloweshwa. Tabaka la kwanza sentimita 1 hadi 2, likwaruzwe kabla halijakauka. La pili liwe jembamba. Kinyesi cha ng'ombe kilichochachushwa na udongo siku kadhaa huipa lipu ya nje uwezo wa kustahimili maji zaidi.

Chokaa ni kinga nzuri zaidi ya nje, na inaruhusu unyevu kutoka. Sehemu 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa 3 za mchanga, au kuipaka nyepesi kama maziwa, tabaka nyingi badala ya moja nene. Ila inaunguza. Chokaa mbichi hutokota ikitiwa maji, kwa hiyo ni chokaa inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye chokaa, tena kwa miwani na glavu. Tone moja jichoni ni safari ya hospitali.

Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, hukandikwa upya kila mwaka na watu wa mji wenyewe, na miti iliyotokeza kwenye kuta zake hutumika kama jukwaa la kukandikia. Matengenezo pale ni sehemu ya ratiba. Nyumba yako yenye upenu mpana haitahitaji kila mwaka, lakini mvua ya kwanza toka nje ukaitazame: wapi maji yanaruka, wapi yanatiririka kutoka kwenye kingo za madirisha, wapi yanatuama. Rekebisha njia ya maji kwanza, kiraka baadaye. Kiraka kinataka udongo uleule, kwa hiyo bakiza rundo la ndoo 20 au 30 chini ya turubai, na uandike uwiano uliotumia kwa penseli nyuma ya mlango, ukitenganisha ule wa matofali, wa kuungia na wa lipu. Miaka mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka kama mchanga ulikuwa mbili au tatu.